Kufuata seli moja: mwongozo wa kuotesha na kutazama Hyphomonas neptunium

Bakteria tuliofundishwa shuleni huzaliana kwa kukatika katikati. Seli inarefuka, inajibana kiunoni, kisha zinatoka mbili zinazofanana mno hata huwezi kusema ipi ni mama na ipi ni mwana. Hyphomonas neptunium, bakteria wa baharini, hana habari na mtindo huo. Yeye hutoa kikonyo chembamba mwilini mwake, na mwana huota kwenye ncha ya kikonyo kama tunda. Mama habadiliki umbo. DNA ya mwana haina njia nyingine ya kumfikia ila kupita ndani ya kikonyo hicho, kwa hiyo kikonyo kwake si kamba ya kujifungia kwenye jiwe tu, bali ni kiungamwana hasa.

Kumwona akifanya hivyo hakuhitaji maabara ya mamilioni. Kunahitaji hadubini nzuri yenye lenzi ya mara 100 ya mafuta, chakula sahihi, na subira ya kukaa na seli moja. Nasisitiza hiyo moja kwa sababu ndipo wengi tunapokosea. Ukitazama tone lenye seli elfu utaona hatua zote kwa pamoja: zenye kikonyo, zisizo nacho, zenye uvimbe kwenye ncha, zinazoogelea. Ni kama kurasa za kitabu zilizochanwa na kuchanganywa. Utazipanga kwa kukisia, na kukisia kwangu mwenyewe kulinipotosha zaidi ya mara moja.

Kwanza, ujue unamtafuta nani

Aliyemweleza kwa mara ya kwanza ni Einar Leifson, mwaka 1964, kutoka maji ya bahari. Alimwita Hyphomicrobium neptunium kwa sababu kwa umbo alifanana na Hyphomicrobium, bakteria mwingine mwenye kikonyo na chipukizi. Mwaka 1984 akahamishiwa jenasi ya Hyphomonas, na sababu ilikuwa tumboni: Hyphomicrobium hupenda vitu vyenye kaboni moja kama methanoli, lakini huyu wetu hana haja navyo, anaishi kwa asidi amino. Hilo lishike, tutalitumia baadaye kama kipimo.

Ndugu zake wana makazi ya ajabu. Jenasi yenyewe iliundwa mwaka 1957 kwa bakteria aliyetoka kwenye kamasi ya mgonjwa wa sinusi, na Hyphomonas jannaschiana alipatikana kwenye chemchemi za maji moto chini kabisa ya bahari.

Seli ya mama ina upana wa nusu mikromita hadi mikromita moja, na urefu wa mikromita moja hadi tatu. Kikonyo kina upana wa takriban mikromita 0.2. Namba hiyo ya mwisho ndiyo itakayokusumbua. Chukua mwanga wa kijani wa nanomita 550, ugawanye kwa mara mbili ya uwezo wa lenzi kukusanya mwanga (namba ya NA iliyoandikwa kwenye lenzi), tuseme 1.3: unapata nanomita 211 hivi. Maana yake kikonyo kiko ukingoni kabisa mwa kile ambacho mwanga wa kawaida unaweza kukitofautisha. Utakiona kama uzi mweusi, lakini usithubutu kupima unene wake kwa picha hiyo ukadhani umepata jibu. Urefu pima, unene waachie wenye hadubini ya elektroni.

Hatua ya 1: Pata mbegu

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuagiza kutoka hifadhi ya bakteria, ambako aina inayotumiwa na watafiti inajulikana kwa namba ATCC 15444. Kama ni mara yako ya kwanza, anza na hiyo. Utakuwa na uhakika na unachokitazama, na jicho lako litazoea umbo lake kabla ya kuingia baharini kutafuta.

Ya pili ni kumvua mwenyewe. Bakteria wa kundi hili ni miongoni mwa wanaowahi kushika uso wowote unaozama baharini, kwa hiyo chota maji pamoja na kipande cha gamba, jiwe dogo au mwani. Mimina mililita 200 za maji hayo kwenye bika. Kisha fanya jambo ambalo kwa mgeni linaonekana la uchoyo: walishe kidogo sana. Yeyusha gramu moja ya peptoni (protini iliyomeng'enywa, chakula cha bakteria) kwenye mililita 100 za maji, uchukue mililita 2 tu za mchanganyiko huo na kuziweka kwenye bika. Sasa una peptoni ya asilimia 0.01. Funika kwa karatasi ya alumini bila kubana, weka mahali penye giza na pasipotikiswa, kwa joto la kawaida la chumba.

Uchoyo huu una maana. Bakteria wenye vikonyo wamezoea maji yenye njaa. Ukiwamwagia shibe tangu mwanzo, wale wepesi wa kuzaana watajaa bikani ndani ya siku mbili na wenye vikonyo hutawaona tena. Kwa chakula kidogo, wepesi huchoka mapema. Baada ya wiki moja au mbili utaona utando mwembamba juu ya maji, wakati mwingine ni mng'ao tu ukiinamisha kichwa. Gusa utando huo kwa kifuniko cha kioo cha hadubini, kilaze juu ya slaidi, utazame. Vikonyo vikiwepo, endelea. Visipokuwepo, funika bika na urudi baada ya siku nne.

Ukipenda, tundika slaidi safi ndani ya bika kwa uzi tangu siku ya kwanza. Arthur Henrici alizamisha vioo ziwani katika miaka ya 1930 na kugundua kwamba bakteria wengi wa majini hawaelei ovyo bali hukaa wameshika kitu. Mbinu yake haijazeeka.

Hatua ya 2: Andaa chakula

Chakula cha kawaida cha bakteria wa baharini huitwa 2216, kilichotokana na kazi ya Claude ZoBell. Ukikitengeneza mwenyewe, kwa lita moja ya maji ya bahari yaliyochujwa weka peptoni gramu 5 na dondoo ya hamira gramu 1. Kwa sahani ongeza agari, kigandisho cha chakula, gramu 15. Ukinunua unga uliotengenezwa tayari, ni gramu 37.4 kwa lita kwa supu na gramu 55.1 kwa ule wenye agari, na huo huyeyushwa kwenye maji yaliyotoneshwa kwa kuwa chumvi imo tayari. Usije ukauyeyusha kwenye maji ya bahari, utapata chumvi mara mbili.

Pika kwenye otoklevu (chungu cha mvuke wenye shinikizo), nyuzi 121 kwa dakika 15.

Sasa onyo. Maji ya bahari yakipikwa kwa joto hilo huacha mashapo meupe ya chumvi za kalsiamu na magnesi. Kwa kuoteshea hayana ubaya, ila kwa hadubini ni balaa. Niliwahi kupoteza asubuhi nzima nikipiga picha vitu vidogo vya mviringo vilivyokaa pembeni mwa seli, nikiandika kwenye daftari "chipukizi changa", mpaka jioni nilipoona vingine vimekaa peke yao kwenye kioo kisichokuwa na seli hata moja. Tangu siku hiyo, chakula cha kutazamia hukipitisha kwenye kichujio cha mikromita 0.22 baada ya kupoa.

Jambo jingine: popote utakapohitaji kuosha au kuzimua seli, tumia chakula chenyewe au maji ya bahari, kamwe si maji yaliyotoneshwa. Seli iliyozoea chumvi ikitupwa ghafla kwenye maji matupu huvimba na kuharibika, na umbo ndilo ulilokuja kulitazama.

Hatua ya 3: Otesha na utenge

Kama umeagiza mbegu, chora kwenye sahani kwa kitanzi cha kupandia, weka kwenye nyuzi 28, subiri siku chache, chukua koloni moja na uitie kwenye mililita 5 za supu. Tikisa. Hawa wanahitaji hewa, kwa hiyo usijaze chupa: theluthi moja ya ujazo inatosha.

Kama umevua mwenyewe, sahani yako ya kwanza iwe na chakula kilichopunguzwa mara kumi, na usitupe mapema. Koloni za wenye vikonyo huwa ndogo na huchelewa. Zile kubwa zinazong'aa siku ya pili si zao. Weka alama kwa kalamu chini ya sahani kwenye koloni zilizotokea baada ya siku ya tano, chukua chembe ya kila moja, uangalie kwenye hadubini. Inayoonyesha vikonyo, ichore upya kwenye sahani mpya, na mara ya tatu tena. Bila kurudia mara tatu utakuwa na mchanganyiko, kwa sababu kikonyo hunasa majirani.

Hatua ya 4: Hakikisha si jirani yake

Hapa usikimbie. Baharini wamo wengi wenye mkia, uzi au shina, na kwa mtazamo wa dakika moja wote wanafanana.

Wa kwanza kukudanganya ni Caulobacter na jamaa zake wa baharini. Naye ana kikonyo, naye ana mwana anayeogelea. Lakini tazama ni wapi mwana anatokea. Kwa Caulobacter, mwana hutokea upande wa pili wa mwili, mbali na kikonyo, kwa kukatika seli. Kikonyo chake hakizai kitu. Kwa Hyphomonas, mwana hukaa kwenye ncha ya kikonyo. Ukiona mpangilio wa mwili, uzi, kisha mwili mdogo, kama vyuma vya kunyanyulia uzito ambavyo upande mmoja umepunjwa, uko kwa Hyphomonas au ndugu zake. Ukiona uzi unaoishia hewani na mwili mrefu unaojibana katikati, uko kwa Caulobacter.

Wa pili ni planktomisete, kundi jingine la bakteria, kama Rhodopirellula. Hawa huchipua kwelikweli, lakini chipukizi hutoka moja kwa moja kwenye mwili wa mama, bila kikonyo katikati.

Wa tatu ni Hyphomicrobium mwenyewe, na kwa huyu macho hayasaidii, maana huchipua kwenye ncha ya kikonyo vilevile. Ndipo turudi kwenye tumbo. Andaa maji ya chumvi yenye madini na nitrojeni, bila peptoni wala hamira, na uweke methanoli ya asilimia 0.5 kama chakula pekee. (Methanoli ni sumu na hushika moto haraka, iwekwe baada ya maji kupoa, mbali na mwali.) Hyphomicrobium atakua humo. Hyphomonas hatakua. Usisahau chupa ya tatu isiyo na methanoli wala bakteria, la sivyo hutajua ukungu unaouona umetoka wapi.

Wako pia Rhodomicrobium, ambaye hutumia mwanga na kuunganisha seli nyingi kwa nyuzi zenye matawi, na Pedomicrobium, ambaye hujipaka oksidi za chuma au manganizi mpaka anakuwa wa hudhurungi. Hao hujitambulisha wenyewe.

Tofauti moja zaidi inafaa kuijua kwa jina lake la kitaalamu. Mwaka 1968 James Staley alipendekeza tuite prostheka ile sehemu ya seli inayochomoza ikiwa na ukuta na saitoplazimu ya seli yenyewe. Kikonyo cha Hyphomonas ni prostheka. Shina la Gallionella, kwa mfano, si prostheka: ni uchafu wa chuma unaosukumwa nje, hauna uhai ndani. DNA haiwezi kupita kwenye shina la namna hiyo.

Ukiwa na uwezo wa kusoma jeni, nakili jeni ya 16S (jeni ya ribosomu inayotumika kutambua bakteria) kwa praima, yaani vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia nakala, za 27F na 1492R, upate kipande cha herufi 1,500 hivi za DNA. Jibu la jenasi utalipata. Ila usijenge ukoo mzima juu yake. Jenomu ya H. neptunium, yaani DNA yake yote, yenye herufi milioni 3.7 kwenye kromosomu moja ya duara, iliposomwa katikati ya miaka ya 2000, ilionekana kwamba 16S inampeleka kwa kundi la Rhodobacter, huku protini za ribosomu, jeni nyingine ya ribosomu iitwayo 23S na nyinginezo zikimpeleka kwa Caulobacter. Jeni moja ilikuwa imewapotosha wapanga koo. Kikonyo, ambacho wengi walikiona ushahidi dhaifu, kilikuwa kimesema kweli muda wote.

Hatua ya 5: Tengeneza kitanda cha agarozi

Seli inayoogelea huwezi kuifuata usiku kucha. Lazima uilaze mahali isipohama, penye chakula, unyevu na hewa. Kitanda cha agarozi hufanya yote matatu.

Yeyusha agarozi (agari iliyosafishwa) ya asilimia 1 kwenye supu iliyochujwa. Kwenye slaidi bandika vipande viwili vya utepe sentimita tatu mbali kutoka kila kimoja, dondosha agarozi ya moto katikati, na lalisha slaidi ya pili juu yake polepole kutoka upande mmoja ili kisiingie kiputo. Baada ya dakika kumi telezesha slaidi ya juu kando. Usiivute kwenda juu, itaondoka na kitanda. Kwa wembe kata mraba wa sentimita moja na uondoe kilichobaki. Nafasi tupu inayozunguka mraba ndiyo akiba ya hewa, usiifute.

Chukua supu changa, ile ambayo imeanza tu kuwa na ukungu, kwa kipimo cha ukungu (OD) cha 0.2 hadi 0.4, kinachopimwa kwa mwanga wa nanomita 600. Supu ya siku tatu haifai: imejaa seli zilizochoka. Weka mikrolita 1.5 katikati ya kitanda. Sasa ngoja. Uso wa kitanda utang'aa kwa unyevu, halafu ghafla utapoteza mng'ao na kuwa kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Wakati huo ndio wa kuweka kifuniko. Ukiweka mapema, seli zitaelea chini ya kifuniko, ukichelewa, zitakauka.

Ziba kingo kwa mchanganyiko wa vazelini, lanolini na parafini kwa vipimo sawa, uliopashwa moto ukapakwa kwa brashi. Watu hutumia rangi ya kucha kwa sababu iko karibu. Kwa kuangalia dakika kumi haina neno, lakini kwa usiku mzima mvuke wake unawaua.

Hatua ya 6: Kaa na seli moja

Washa hadubini na kipasha joto saa moja kabla. Chuma kikiwa bado kinapanuka, lenzi inahama yenyewe na asubuhi utakuta picha mia za ukungu. Tumia mwanga wa fezi, ambao huzifanya seli zionekane nyeusi kwenye mandhari ya kijivu. Bila fezi, kikonyo ni vigumu kukiona.

Kabla ya yote, pima kipimo chako. Weka slaidi yenye mistari ya mikromita 10, piga picha moja, uhesabu pikseli. Kamera yenye pikseli za mikromita 6.5 kwenye lenzi ya mara 100 hukupa mikromita 0.065 kwa pikseli, kwa hiyo upana wote wa kikonyo ni pikseli tatu tu.

Tafuta seli fupi isiyo na kikonyo, iliyo peke yake, bila jirani ndani ya mikromita kumi. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikiogelea muda mfupi uliopita. Andika nafasi yake. Piga picha kila baada ya dakika kumi, na kati ya picha mwanga uzimwe: mwanga mkali mfululizo huzifanya seli zisite kukua, nawe utadhani ni tabia yao.

Kwa muda, hakuna kitu. Seli inaongezeka kidogo unene na basi. Flagela, mkia wake wa kuogelea, imeshadondoka, lakini hilo hulioni: uzi wake una unene wa nanomita ishirini hivi tu. (Leifson, yuleyule wa 1964, alijulikana kwanza kwa rangi yake ya flagela, ambayo hutumia asidi ya taniki kuinenepesha flagela mpaka hadubini ya kawaida iione. Jaribu kwenye slaidi nyingine ukipenda, seli hizo zitakuwa zimekufa.)

Kisha upande mmoja wa seli unachongoka. Mwanzoni ni kama kivuli kwenye ncha, na hutakuwa na uhakika. Picha ya pili kivuli kipo bado. Picha ya tatu au ya nne ni uzi. Hapo andika saa. Uzi unaendelea kurefuka mpaka unafikia urefu wa mwili au kuupita, na urefu hutofautiana sana: katika shamba moja la kuona utakuta vifupi na virefu sana. Usichague virefu tu kwa sababu vinapendeza kwenye picha.

Halafu ncha inavimba. Tazama vizuri hapa, kwa sababu kuna jambo ambalo vitabu vingi huchora vibaya. Chipukizi halibandikwi kwenye ncha ya kikonyo kama shanga kwenye uzi. Ni kipande cha mwisho cha kikonyo chenyewe kinachogeuzwa, kidogokidogo, kuwa mwili mpya. Ukilinganisha urefu wa uzi kabla ya uvimbe na baada yake, utaona jambo hilo kwa rula. Katika dakika za kwanza uvimbe ni mdogo kuliko upana wa seli ya kawaida, kisha unajaza pande zote, unakuwa yai, unarefuka.

Kwa mama, wakati huo wote, hakuna kinachobadilika. Weka picha ya kwanza na ya mwisho ya mama juu ya nyingine: zinalingana.

Chipukizi likikaribia ukubwa wa seli inayoogelea, linaota flagela kwenye ncha yake ya mbali. Juu ya agarozi utaona dalili moja tu: linaanza kutikisika. Mama ametulia, kikonyo kimenyooka, na mwana anapepesuka kulia na kushoto kama mtumbwi uliofungwa gatini. Mkato unatokea pale shingoni, kikonyo kinapokutana na mwana, si pale kinapokutana na mama. Kwa hiyo kikonyo hubaki mali ya mama. Kama kitanda chako kina unyevu wa kutosha, picha inayofuata haina mwana: ameondoka.

Hatua ya 7: Tafuta DNA

Kwa hili unahitaji hadubini ya mng'ao na rangi ya DAPI, ambayo hushika DNA na kung'aa samawati. Tengeneza kitanda kipya, safari hii cha maji ya chumvi matupu, kwa sababu dondoo ya hamira yenyewe hung'aa samawati na kukufunikia kila kitu. Changanya seli na DAPI kwa mikrogramu 1 kwa mililita, gizani, dakika kumi. Vaa glavu: kitu kinachoshika DNA ya bakteria hushika na yako.

Sasa tafuta seli zenye chipukizi na uzipange kwa ukubwa wa chipukizi. Utakachokiona kinashangaza. Mama anawaka. Kikonyo ni cheusi. Na chipukizi, hata lililokwisha kuwa kubwa kiasi, mara nyingi ni jeusi pia: nyumba imejengwa, haina mtu. Machipukizi yaliyokaribia kukatika ndiyo yanayowaka. Seli yenye mwanga ndani ya kikonyo ni nadra, maana safari yenyewe ni fupi. Nikipata mbili kwenye slaidi nzima naona siku imelipa.

Maelezo yake yalitolewa mwaka 2019 na watafiti wa Marburg, Ujerumani. Walitia alama ya mng'ao kwenye protini inayoshika mahali kromosomu inapoanzia kunakiliwa, wakaona safari ina awamu mbili. Awamu ya kwanza hutokea ndani ya mama: nakala mbili za mwanzo huo huvutwa kwenye ncha mbili za mwili wake kwa mfumo uitwao ParABS, ambao bakteria wengi wanao. Kisha kuna kusubiri. Mpaka sehemu kubwa ya kromosomu iwe imeshanakiliwa, na chipukizi lipite ukubwa fulani, ndipo awamu ya pili inaanza na ule mwanzo uliokuwa karibu na kikonyo unapitishwa ndani yake hadi kwa mwana. Bakteria wengi hunakili na kugawa kwa wakati mmoja. Huyu hunakili, husubiri, ndipo hugawa, jambo linalofanana zaidi na seli za wanyama na mimea. Jinsi uzi wenye upana wa mikromita 0.2 unavyopitisha herufi milioni 3.7 bila fundo, hilo DAPI haitakuonyesha.

Mambo yanayoharibika mara kwa mara

Seli zote zinaogelea na hakuna vikonyo: supu ni changa mno au umechukua tone la juu tu. Vikonyo vingi bila machipukizi: chakula kimeisha au hewa haitoshi kwenye kitanda. Seli zimevimba kama puto: chumvi ndogo, au mwanga mwingi. Zimekwama katika mafundo ya seli kumi kumi: hiyo ni tabia yao ya kushikana, si kosa lako, tikisa kwa nguvu kidogo na utumie supu changa zaidi.

Hifadhi mbegu mapema, siku uliyopata koloni safi. Supu changa pamoja na gliseroli ya asilimia 20, mirija midogo mitano, nyuzi 80 chini ya sifuri. Sahani zilizotumika zirudi kwenye otoklevu kabla ya kutupwa.

Na mwana akishaondoka, usizime kamera. Wengi huzima, wakiridhika na kuzaliwa kumoja. Mama bado yupo pale ulipomwandika, na kikonyo chake kipo. Hana haja ya kuanza upya kukijenga kama alivyofanya mara ya kwanza, kwa hiyo andika saa mwana wa kwanza alipokatika, na saa ncha ileile ilipoanza kuvimba tena. Linganisha muda huo na ule wa uzazi wa kwanza, kisha ufanye hivyo kwa mama ishirini, mmoja baada ya mwingine.